Mwenye nyumba kafungua minyan (kikundi cha sala cha Kiyahudi) chini, je mpangaji apige 311 kumripoti? Kisa cha Brooklyn, Aprili 2020

Kisa chenyewe kiko hivi. Borough Park, Brooklyn, Aprili 2020, Pasaka ya Kiyahudi imeisha juzi tu. Nyumba ya ghorofa mbili ina chumba kikubwa chini kabisa. Mwenye nyumba anakaa ghorofa ya kwanza, ya pili kampangisha mwanamke mmoja anayeishi na mama yake mzee, na huyo bibi anaenda kusafishwa figo mara 3 kwa wiki. Marabi wakiandika maswali ya namna hii hawataji watu, wanatumia tu majina ya kwenye Biblia, Reuven, Shimon, Leah, basi na sisi mwenye nyumba awe Reuven na mpangaji awe Leah. Hawa watu nimewaunda mimi ila hali kama yao ilikuwa inatokea mitaa ile wakati ule, sijatunga ajabu yoyote hapa.

Reuven kafiwa na baba yake mwezi Machi, na ni korona hiyohiyo iliyomuua. Mtoto wa kiume aliyefiwa na mzazi anasema Kaddish, ile sala ya wafiwa, kwa miezi 11, na Kaddish husemi peke yako, lazima iwepo minyan, yaani wanaume 10 watu wazima. Sasa masinagogi yamefungwa. Amri ya gavana Andrew Cuomo imeanza kazi 22 Machi, mikusanyiko imepigwa marufuku iwe mikubwa iwe midogo, faini inafika hadi dola 1,000. Reuven anachofanya, asubuhi na jioni anafungua ule mlango wa chini, wanaingia watu 12, siku nyingine 15, mapazia yameshushwa, barakoa hakuna, na kuna wawili wanakohoa. Leah anawasikia. Anawaona wakipita kwenye korido ileile anayopita mama yake akienda hospitali.

Akamtumia meseji, "Reb Reuven, nakuomba sana, kwa ajili ya mama, hawa watu wasije tena." Jibu likarudi, "Hashem (Mungu) atatulinda sote. Na wewe Leah, angalia usije ukawa moser."

Hilo neno la mwisho ndo limemfanya Leah akae siku kadhaa na simu mkononi bila kupiga 311, ile namba ya jiji ya malalamiko. Moser ni mchongezi, ni Myahudi anayemkabidhi Myahudi mwenzake au mali yake kwa serikali ya watu wasio Wayahudi, na kama unadhani ni tusi la mtaani tu kama sisi tunavyosema fulani kamchomea mwenzake utambi, hapana, hii ni nzito kuliko hivyo mara mia. Talmud, kile kitabu kikuu cha mafundisho ya marabi, inawaweka wachongezi kwenye orodha ya watu wanaoshuka Gehinnom, yaani Jehanamu, na hawatoki. Kwenye sala ya siku za kazi, ile inayosaliwa mara 3 kwa siku, kuna dua nzima inaanza na wachongezi, kwamba wasiwe na tumaini. Maimonides, rabi mkubwa wa sheria wa karne ya 12, aliandika kwamba mtu akitangaza anakwenda kuchongea aonywe, na akikaza kichwa anaruhusiwa kuuawa kabla hajafika huko. Ndo uzito wake huo. Kwahiyo Reuven alipomwandikia vile alijua anachofanya.

Na kabla hatujawacheka tukumbuke hii sheria imetokea wapi. Chukua Urusi ya Tsar Nicholas wa Kwanza, mwaka 1827 akaweka amri ya kuchukua vijana wa Kiyahudi jeshini, watoto wa miaka 12 wanabebwa kwanza kwenye shule za kijeshi halafu wakifika 18 ndo wanaanza kuhesabiwa miaka 25 ya utumishi. Jamii inaficha watoto, mchongezi anakwenda kusema watoto wako wapi. Mwaka 1836 kule Podolia wachongezi wawili waliuawa na serikali ikaja na kesi kubwa iliyozoa watu wengi. Kwenye mazingira hayo mtu anayepeleka jina la mwenzake serikalini hapeleki kesi mahakamani, anapeleka mtu machinjoni, hakuna jaji wa haki wala adhabu inayolingana na kosa. Rabi Yechiel Michel Epstein, naye wa Urusi hiyohiyo miaka ya baadaye, aliandika kwamba sheria hii inahusu zama ambazo hakuna aliyekuwa salama na mali wala mwili wake kwa sababu ya maharamia na watawala wa ovyo, akazisifu serikali za Ulaya za wakati wake na Tsar akimtaja humo. Wapo wanaosema aliandika hivyo akiwaogopa wakaguzi wa serikali. Inawezekana, lakini hoja yenyewe inasimama bila kumtegemea Tsar.

Sasa swali kubwa, je faini ya dola 1,000 ya New York ni sawa na mtoto kubebwa miaka 25? Kwangu hapana, hata kidogo. Ila sitaki kwenda haraka hapa, maana Wayahudi wa Brooklyn wakati ule walikuwa na sababu za kuogopa macho ya watu. Desemba 2019 tu, miezi minne nyuma, walikuwa wamepigwa risasi kwenye duka la kosher (chakula kinachoruhusiwa na dini yao) Jersey City, halafu mwisho wa mwezi uleule mtu kaingia na panga nyumbani kwa rabi kule Monsey wakisherehekea Hanukkah. Halafu 28 Aprili 2020, baada ya mazishi ya rabi mmoja Williamsburg yaliyojaza barabara, meya Bill de Blasio anaandika Twitter ujumbe kwa "jamii ya Kiyahudi" kwamba muda wa maonyo umepita na polisi wataanza kutoa hati na hata kukamata. Jamii nzima kutajwa kwa sababu ya mazishi ya mtaa mmoja. Mtu akisema anaogopa kumpa meya huyu silaha nyingine, namwelewa kabisa.

Lakini.

Mimi naona kisa hiki watu wanakianzia kwa mtu asiye sahihi. Wote wanamuuliza Leah, unaruhusiwa kupiga simu? Reuven haulizwi kitu, wakati sheria ya Kiyahudi ina mengi zaidi ya kumwambia yeye kuliko Leah. Torati inamwambia mwenye nyumba ajenge ukingo kwenye paa asije mtu akaanguka, Kumbukumbu 22:8, na kutoka hapo Maimonides akajenga sura nzima ya vitu vilivyokatazwa kwa sababu vina hatari, na akaongeza kwamba mtu anayesema nitajihatarisha mwenyewe, wengine inawahusu nini, huyo anachapwa viboko. Yaani ile hoja ya "maisha yangu, korona yangu" ilishakataliwa zamani, na ilikataliwa hata pale hatari iko kwa mtu mwenyewe tu, sembuse hii ya kumletea bibi mgonjwa wa figo kwenye korido. Talmud inasema wazi kwenye Bava Kamma kwamba tauni ikiwa mjini, kusanya miguu yako ukae ndani. Inasema pia kwamba mambo ya hatari yanatazamwa kwa ukali kuliko mambo ya haramu, kwahiyo mtu anayechunga kosher kwa darubini halafu anapuuza virusi kageuza sheria juu chini.

Na wale wawili wanaokohoa? Kuna kitabu cha wacha Mungu wa Ujerumani cha zama za kati, Sefer Hasidim, kinasema mtu mwenye ugonjwa wa ngozi asiingie kuoga na mwenzake mpaka amwambie kwanza. Amwambie yeye mwenyewe. Miaka 800 iliyopita, hakuna aliyejua bakteria ni nini, na wajibu wa mgonjwa kujitaja ulikuwa umeshaandikwa. Kwa mantiki hiyo wa kwanza kutakiwa kufungua mdomo kwenye nyumba ile si Leah bali ni hao wanaokohoa, na wangeufungua wao Leah asingekuwa na kazi ya kufanya.

Reuven atajibu, Kaddish ya baba yangu je? Hapa nakiri inauma, baba kafa Machi, mazishi yenyewe wakati ule yalikuwa watu wachache mno, shiva, zile siku 7 za matanga, imekaliwa kwa simu. Ila Kaddish hata wenyewe hawaiweki juu ya uhai wa mtu. Kanuni ya pikuach nefesh, kuokoa uhai, inaondoa karibu kila amri isipokuwa tatu, kuabudu sanamu, zinaa zilizoharamishwa na kuua, na Talmud inaichukua kwenye Walawi 18:5, mtu ataishi kwa amri hizo, nao wakaongeza, wala hatakufa kwazo. Kama Shabbat, yaani Sabato, inavunjwa kwa mashaka tu ya kifo, mashaka siyo uhakika, Kaddish itasimama wapi? Kule Israel wengi walisali kila mtu kwenye baraza yake wanaonana kwa macho. Aliyefiwa anaweza kusoma Mishnah, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, kwa jina la baba, anaweza kutoa sadaka. Njia zilikuwepo.

Haya, turudi kwa Leah. Reuven kashaonywa, hasikii. Afanye nini?

Mkusanyo mkuu wa sheria za Kiyahudi, Shulchan Arukh, kwenye sehemu ileile inayokataza uchongezi kwa maneno makali, aya chache mbele unasema mtu anayesumbua umma na kuutesa inaruhusiwa kumkabidhi serikalini apigwe, afungwe, atozwe faini. Halafu unaweka mpaka, akimsumbua mtu mmoja tu, hairuhusiwi. Rabi Moses Isserles wa Krakow naye akaongeza mfano wa mtu anayeghushi, kwamba kwa kuwa akikamatwa madhara yatawarudia wote, aonywe, na asiposikia wanaweza kwenda kumtaja kuwa ni yeye peke yake. Kumbe mlango wa kumripoti mtu uko ndani ya sheria yenyewe, haukuletwa na meya wala na watu wa kisasa.

Kwahiyo kesi nzima inakuja kwenye jambo moja, Reuven anamsumbua Leah au anasumbua umma? Ingekuwa ni kelele za sala saa 12 asubuhi, hiyo ni shida ya Leah, avumilie au ahame au aende beth din, mahakama ya marabi. Lakini watu 15 wakitoka pale wanarudi kwenye nyumba 15, na Borough Park nyumba yenye watoto 7 au 8 si ajabu, wanaenda dukani, wanaenda kwa wazazi, na Aprili ile ving'ora vya ambulansi za Hatzolah, zile za Wayahudi wenyewe, vilikuwa havinyamazi. Huo ni umma. Mama yake Leah ndiye sura ya karibu tu, hesabu yake ni kubwa kuliko ghorofa ya pili.

Mtu atasema hatari hapa ni ya kubahatisha, huenda hakuna mgonjwa hata mmoja. Sawa, ila mahakimu wa sheria hii walishakutana na hatari za kubahatisha. Rabi Yitzchak Weiss wa Jerusalem, mtu mkali wa mrengo mkali kweli, aliruhusu kuripoti polisi dereva anayeendesha kwa hatari, na dereva wa namna hiyo mara nyingi anafika salama, si kila akikimbiza gari anaua. Rabi Yosef Shalom Elyashiv alipoulizwa kuhusu watu wanaonajisi watoto alijibu wanaweza kupelekwa kwa mamlaka, kwa sharti kwamba kuna msingi wa kweli wa kuamini, na kama ni hisia tu haifai, maana utaangamiza mtu bure. Leah hana hisia, ana macho. Kawaona, kawahesabu, kamuuliza mwenyewe naye hakukana.

Halafu kuna Bnei Brak, mji wa Israel ambao karibu wote ni Haredi, Wayahudi wa dini wa mrengo mkali. Katikati ya Machi 2020 Rabi Chaim Kanievsky, mzee wa miaka 92 ambaye neno lake pale lilikuwa linamaliza mjadala, alisema masomo ya Torati yaendelee. Mwisho wa mwezi huohuo mambo yakageuka, ikatoka kwa jina lake kwamba watu wasali peke yao, kwamba anayevunja maagizo ni rodef, na kwamba inaruhusiwa kumtaja kwa mamlaka. Mwanzoni mwa Aprili mji ukazungushiwa polisi. Kwahiyo Reuven akimtishia Leah kwa neno moser, Leah anaweza kumuonesha kwamba mzee wa Bnei Brak kashamjibu.

Ila mimi hapa kwenye neno rodef naweka breki. Rodef ni anayemkimbiza mwenzake amuue, na sheria yake ni kwamba unamzuia kwa njia yoyote hata kwa kumuua. Kumwita Reuven hivyo, mtu mwenye msiba aliyefungua chumba cha sala, naona ni kumbebesha kisichomhusu, na mtu yeyote akilichukua neno kama lilivyo anaweza kufanya balaa. Tusiseme ni nadharia. Miezi kabla ya 4 Novemba 1995 kulikuwa na watu wanaozungumza kama waziri mkuu Yitzhak Rabin ni rodef na moser, maneno haya haya mawili, na Yigal Amir aliyempiga risasi alikuja kuyataja kujitetea. Kwa kazi ya kuifunga minyan ya chini ya nyumba ile kanuni ya msumbufu wa umma inatosha, haihitaji damu ya mtu.

Kitu kinachonivutia kuliko vyote kwenye mjadala huu ni cha 1831. Kipindupindu kimeingia Posen, ilikuwa chini ya Prussia wakati ule, na rabi wa mji ni Akiva Eger, moja ya majina makubwa kabisa ya karne ile. Aliagiza watu wasijazane sinagogi, wasali kwa vikundi vya watu kama 15, kikundi kinaanza alfajiri kikimaliza kinaingia kingine, na akataka awepo mlinzi wa polisi mlangoni kuzuia wasizidi. Mfalme Frederick William wa Tatu alimwandikia barua ya shukrani baadaye. Angalia alivyofanya, polisi kaletwa na jamii yenyewe, mapema, kabla ya mtu yeyote kukosea, kwahiyo hakuna jina la mtu lililopelekwa popote na hakuna aliyechongewa. Brooklyn wangekuwa na mpango wa hivyo mtaa kwa mtaa Machi 2020, marabi na Shomrim (ule ulinzi wao wa mtaani) wanazunguka kwenye vyumba vya chini wanavyovijua wao kuliko mtu yeyote, Leah asingefika kwenye 311. Alibaki peke yake kwa sababu waliopaswa kusimama mlangoni hawakuwepo.

Kuna kipande nilikiacha makusudi. Leah anadaiwa kodi ya miezi miwili, na Reuven alishamkumbusha mara kadhaa. Ndiyo. Sasa kisa kinanuka kidogo eti? Rabi Israel Meir Kagan wa Radin mwaka 1873 aliweka masharti 7 ya kumsema mtu vibaya kwa ajili ya faida, mengi yake Leah kashayatimiza, kaona mwenyewe, kamuonya kwanza. Yanayombana ni haya mengine, asiongeze chumvi, nia iwe kuzuia madhara isiwe kisasi, kusiwe na njia nyingine, na mtu asiumizwe kuliko ambavyo mahakama ingemuumiza. Kuhusu nia, mimi siamini unamwambia mtu asubiri moyo wake uwe msafi ndo aokoe mama yake, mgonjwa hasubiri. Ila deni la kodi linamlazimisha awe makini na maneno. Aende kwanza kwa rabi wanayemsikiliza wote wawili, ampe rabi jioni moja, siyo wiki. Asipopatikana, au akisema "tutaona", apige. Aseme kuna mkusanyiko wa watu 12 hadi 15 kwenye anwani hii saa fulani, wanasali, hakuna vurugu, anaomba wafungwe. Asiseme 40. Asiseme wana silaha wala wanafanya biashara, asitaje kwamba mwenye nyumba ni mkorofi. Na ile namba ya meseji ambayo de Blasio aliitangaza 18 Aprili watu watume picha za wanaovunja masharti, angeiacha, kwanza picha ya majirani wakisali inabaki kwenye mafaili ya jiji bila sababu, pili watu wa New York waliijaza picha za uchafu na za vidole vya kati mpaka ikawa kichekesho.

Ikiwa ni Shabbat? Kama wanaokohoa wako chini sasa hivi na mama anatakiwa kupita kesho, mimi ningesema apige, mashaka ya uhai yanaondoa Shabbat. Wengine watasema asubiri giza liingie kwa kuwa watu wenyewe wakati simu inapokelewa watakuwa wameshatawanyika, na kwa Shabbat hiyo moja hoja yao ina maana.

Reuven akigundua nani kapiga, atamwita moser mbele ya watu, na hilo lisichukuliwe kirahisi. Oktoba 2020, Cuomo alipoweka kanda nyekundu (maeneo yenye maambukizi mengi yaliyobanwa kwa masharti makali), watu waliandamana Borough Park, na mwandishi wa habari Jacob Kornbluh, Mhasidi (mmoja wa madhehebu ya Wayahudi wa dini) wa mtaa uleule, alizungukwa akapigwa huku wakimpigia kelele za moser. Kosa lake lilikuwa kuripoti habari. Kumpa mtu jina hilo wakati sheria inamruhusu alichofanya ni uchongezi nao, tena Walawi 19:16 inakataza kuzunguka na umbeya na kusimama tu damu ya mwenzako ikimwagika, yote kwenye mstari mmoja. Reuven kachukua nusu ya kwanza tu.

Lakini ubadilishe tarehe na jibu langu linabadilika. Oktoba hiyo kanda nyekundu iliruhusu watu 10 kwenye nyumba ya ibada, ya chungwa 25, na 25 Novemba Mahakama ya Juu ya Marekani ikayazuia masharti hayo kwa kura 5 kwa 4, kesi ya jimbo Katoliki la Brooklyn pamoja na Agudath Israel, shirika la Wayahudi wa Haredi. Tuseme Oktoba hiyo, kabla ya hukumu, Reuven ana watu 14 kwenye chumba kikubwa, madirisha wazi, barakoa usoni, hakuna anayekohoa, mlango wa kuingilia wamehamia wa nyuma ili bibi apite salama. Hapo Leah akipiga 311 kwa sababu ya hao wanne waliozidi, na kodi bado hajalipa, mimi namhesabu ni mchongezi.